Miguu ya Sikudhani, Mali ya Serikali

Hamduni Kivugo alikuwa amepiga magoti nyuma ya Sikudhani, chaki sikioni na tochi mkononi, akitafuta namba ya chesisi.

Alikuwa ameanza na pembe ya mbele kulia, akapiga picha. Akaenda mbele kushoto, akapiga picha. Sasa alikuwa nyuma, na kila alipojongea, Sikudhani, aliyeketi juu ya kibao chake cha magurudumu manne ya beringi, alijizungusha naye polepole, kwa adabu ya mwenyeji asiyetaka kumpa mgeni kisogo.

"Kaka," akasema mwishowe, "ungeniambia unachotafuta tungesaidiana. Mwili huu nimeuzoea, najua kila kitu kilipo."

"Natafuta namba, dada."

"Namba ipi?"

Hamduni akaisoma fomu. "Ile inayogongwa kwenye chuma, kiwandani."

"Mimi nilizalishwa na mkunga wa hapa hapa kijijini. Sikumbuki kama alikuwa na nyundo."

Hamduni hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka upesi, wala wa kukasirika upesi. Akaandika kwa mwandiko wake wa taratibu: *Namba haisomeki kwa sababu ya umri.*

"Umri!" akasema Sikudhani. "Nina miaka thelathini na moja!"

"Ni maneno ya kazini tu, dada. Yasikuumize."

Mtu asimwone Hamduni mjinga. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkadiriaji wa magari yaliyopata ajali, na hapakuwa na mkoa uliokuwa na mkadiriaji makini kama yeye. Kisha Mheshimiwa Waziri alisafiri kwenda kwenye semina ya siku tano katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, akarudi na wazo. Alilitangaza bungeni akiwa amevaa suti mpya.

"Waheshimiwa, tangu tupate uhuru tumewasaidia watu wenye ulemavu kwa huruma. Lakini huruma haina jedwali! Huruma haina kiambatisho! Nani kati yenu amewahi kuona huruma ikikaguliwa? Kuanzia leo tutawasaidia kwa kanuni za bima!"

Wabunge wakapiga meza kwa nguvu, kila mmoja akiwa na hakika kwamba aliyekaa jirani yake ameelewa.

Hivyo likazaliwa Shirika la Bima ya Maungo. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na uzinduzi ulikuwa umeshapangiwa ngoma, shirika lilichukua fomu ya bima ya magari na kulifuta neno "gari" kila mahali, pakaandikwa "mhusika". Wakadiriaji nao walichukuliwa pamoja na fomu, kama vile mtu anavyonunua kabati akakuta limekuja na mende wake.

Sikudhani aliomba kiti mwendo. Hakukiomba kwa ajili ya kupumzikia. Chama cha msingi cha wakulima wa korosho kilikuwa kimemchagua kuwa karani wa mizani, na hilo halikuwa jambo dogo. Karani aliyetangulia, Kandidi, alikuwa na kipaji cha kuingiza kidole gumba cha mguu chini ya jukwaa la mizani na kuliinua kidogo, gunia la mkulima likawa jepesi mbele ya macho yake mwenyewe. Wakulima walikaa kikao, wakatafakari, wakafikia uamuzi: safari hii apewe kazi mtu ambaye vidole vyake vya miguu havina la kufanya. Tena Sikudhani alikuwa na hesabu kali kuliko wote. Tatizo lilikuwa moja tu. Mkono wa mizani, ule wenye namba, ulikuwa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, naye juu ya kibao chake aliona chini ya jukwaa na kutu yake. Katibu Ndimbo alikuwa amemwambia bila kuficha: "Mwanangu, msimu unafunguliwa Jumatatu ya tarehe ishirini. Ukiwa na kiti, kazi ni yako. Usipokuwa nacho, itabidi nimrudishe Kandidi na kidole chake."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

"Tarehe ya tukio?" Hamduni akaendelea.

"Tukio gani?"

"La kupooza."

"Nilipata homa nikiwa mchanga, kipindi cha masika."

"Je, mhusika alitoa taarifa kituoni ndani ya siku saba?"

"Nilikuwa sijaanza kusema."

Hamduni akaandika: *Taarifa ilichelewa kwa sababu za msingi.* "Wakati wa tukio, mhusika alikuwa ameegeshwa wapi?"

"Mgongoni kwa mama."

*Mahali salama,* akaandika Hamduni, na bila kuombwa na fomu akaongeza: *sana.*

Kisha akafika ukurasa wa tatu, akavua miwani, akaipangusa. Ukurasa wa tatu ulikuwa umewaliza wengi.

"Dada, bima haimpi mtu faida. Inamrudisha pale alipokuwa kabla ya hasara, basi. Ukigongewa baiskeli hulipwi pikipiki. Kwa hiyo lazima nijue, siku moja kabla ya homa, ulikuwa unatembea kiasi gani."

"Nilikuwa na miezi kumi."

"Ulikuwa unatambaa?"

"Nadhani."

Hamduni akakitazama kile kibao, akayatazama mapande ya kandambili aliyovaa mikononi kwa ajili ya kujisukuma. "Basi serikali inatakiwa ikurudishe kwenye kutambaa," akasema kwa sauti ya chini. "Na kutambaa unako."

Barazani kwa Sikudhani, shangazi yake, Bahani, alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Nani alikuwa anatambaa? Wewe baba, usimshushe mtoto wa watu hivyo! Alikuwa ameshasimama dede!"

"Dede, mama?"

"Dede! Siku nne kabla ya homa. Alishika ukingo wa kinu, akaachia, akasimama peke yake anatetemeka huku anacheka. Nikaita, 'Njooni mwone!' Wakaja, wakaona, ndipo akaanguka."

Kalamu ya Hamduni ilikuwa hewani. "Alisimama kwa muda gani?"

"Nimekwambia, muda wa mimi kuita na watu kuja."

"Naomba uite tena, mama, kama ulivyoita siku ile."

Hamduni akakunja mkono wa shati, akaiangalia saa yake. Shangazi Bahani akaweka ungo chini, akavuta pumzi, akaita. Majirani saba wakaja mbio, mmoja na ndoo ya maji akidhani ni moto.

"Sekunde kumi na tisa," akasema Hamduni, akaandika. "Asanteni, mnaweza kurudi."

Siku kumi na mbili baadaye Mkurugenzi Mkuu, Dakta Firimini Kasegeza, alipiga simu mwenyewe.

"Kivugo! Umetuletea dede!"

"Ndiyo, mkuu. Ina shahidi."

"Bodi imeketi siku mbili. Jedwali letu lina kutembea, lina kuchechemea, lina kutambaa. Dede haimo! Tumelazimika kuunda Kamati Ndogo ya Dede."

"Poleni, mkuu."

"Hakuna pole, kuna posho. Sasa sikiliza. Kamati imeona kwamba mtu aliye dede hajafika popote, ila amepanda juu. Kwa hiyo hasara ya mhusika ni hasara ya kimo. Kimo kinaweza kulipwa kwa kiti. Kiti kimekubaliwa!"

Hamduni alijikuta amesimama. "Asante, mkuu. Nitamwambia leo hii."

"Ngoja, usikimbie. Na mabaki?"

"Mabaki gani, mkuu?"

"Kivugo, wewe ni mtu wa magari, nikufundishe nini? Bima ikilipa hasara, mabaki ni mali ya bima. Mtu halipwi gari jipya akabaki na lile la zamani uani. Mabaki yafike yadini Ijumaa."

"Mkuu, mabaki ni miguu."

"Mingapi?"

"Miwili."

"Basi iorodheshe mmoja mmoja. Wakaguzi hawapendi vitu vya kuunganisha."

"Na mwenyewe, mkuu?"

"Mwenyewe tunamdai nini? Sisi si wanyang'anyi."

Hamduni alikwenda kwa Sikudhani kwa miguu, ingawa alikuwa na baiskeli, ili njia iwe ndefu. Alimpa habari njema kwanza, kisha ile nyingine. Sikudhani akacheka mpaka akashika ubavu. Kicheko kilipokwisha, akabaki akiitazama ile miguu yake myembamba iliyokunjwa chini yake.

"Nikishawapa," akauliza, "nitaomba kibali nikitaka kuiosha?"

"Sijui, dada. Hilo halijawahi kuulizwa."

"Na nisipowapa?"

"Kiti hakitatoka."

"Haya. Ijumaa nije saa ngapi?"

Yadi ya shirika ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa mtu anayetembea. Sikudhani alitumia saa nzima na robo, Hamduni akimfuata ubavuni na baiskeli mkononi. Ndani ya uzio kulikuwa na magari ya wizara yaliyoota majani, na chini ya turubai, viti mwendo ishirini na sita vipya, vingali na nailoni zake, vimepangwa mstari kama wageni waalikwa ambao sherehe yao imesahaulika.

Mtunza yadi aliitwa Tulinagwe, mama wa miraba minne aliyetundika funguo kiunoni. Hamduni alimfahamu tangu enzi za magari.

"Umeniletea nini leo, Hamduni? Bampa?"

"Miguu. Kulia na kushoto."

Tulinagwe hakushangaa. Aliyefanya kazi yadi ya serikali hashangai. Akafungua daftari. "Mali namba mia nne kumi na saba, mguu, kulia. Mia nne kumi na nane, mguu, kushoto. Hali yake: mbovu."

"Mama, mbovu sikubali," akasema Sikudhani. "Haijamkosea mtu. Andika 'mitulivu'."

Tulinagwe akamtazama kwa mara ya kwanza, akaandika: *mitulivu*. Akachukua kopo la rangi na brashi. "Kanuni inataka namba iandikwe kwenye mali yenyewe. Niandike wapi?"

"Kwenye nyayo. Hapo hapachakai."

Brashi ikapita, Sikudhani akauma mdomo kwa kutekenywa. Naam, kuhisi alikuwa anahisi. Hilo nalo fomu haikuwa na mahali pa kuliandika.

"Imekwisha," akasema Tulinagwe. "Mabaki yamepokelewa. Kiti utakuja kukichukua baada ya siku tisini."

"Siku tisini!" Sikudhani akakishika kibao kwa mikono miwili. "Mizani inafunguliwa mtondo! Jumatatu!"

"Ni kipindi cha kungojea, mwanangu. Bima zote zinacho. Ni kwa ajili ya kuzuia watu kupata hasara kwa makusudi."

"Nani atapata hasara hii kwa makusudi? Akiwa na miezi kumi?"

"Mimi natunza yadi tu."

Hamduni akafungua kijitabu cha kanuni, akatafuta, akafunga. Siku tisini zilikuwemo. Yeye alikuwa mtu wa kusoma kwanza na kusema baadaye, na hapa alikuwa ameshasoma.

Sikudhani hakulia. Alisogea ukutani kupisha gari la maji lililokuwa likiingia, akakaa ameukabili ukuta. Pale ukutani palikuwa na bango la kanuni za yadi, refu, lililoanzia juu ya mlango na kushuka hadi karibu na ardhi. Kanuni za juu zilikuwa zimepauka kwa kusomwa. Zile za chini kabisa zilikuwa bado na wino wa jana, kwa kuwa hapakuwahi kuja mtu ambaye macho yake yako huko.

"Mama Tulinagwe," akaita. "Hii kanuni ya kumi na nne bado inafanya kazi?"

"Kuna ya kumi na nne?"

Sikudhani akaisoma kwa sauti: "'Mali yoyote iliyopokelewa haitaburuzwa ardhini kwa hali yoyote. Ikitoka yadini kwa sababu yoyote itatoka juu ya chombo cha magurudumu kilichomo yadini, na chombo hicho kitatolewa mara moja.'"

Tulinagwe akainama, jambo lililomchukua muda. Akasoma. Akainuka. "Sasa hiyo inakuhusu nini?"

"Mimi hainihusu kabisa. Mimi naenda zangu nyumbani. Lakini hawa mia nne kumi na saba na mwenzake nitaondoka nao, maana wameshikamana nami. Na huyu wa kushoto, nikisukuma kibao, kidole chake kinagusa chini."

Hamduni alikuwa ameshapiga magoti na futi yake. "Kinagusa," akasema. "Kwa kina cha milimita sita. Kuna mfereji kuanzia pale ulipopakwa rangi." Akaongeza taratibu, kama daktari atoaye matokeo: "Mali ya serikali imeburuzwa."

Tulinagwe akatazama mfereji, akatazama bango, akatazama turubai. "Nitasema nini nikiulizwa?" akanong'ona, kisha akachagua ufunguo. Kiti kikatoka. Daftarini kiliandikwa kimetolewa kwa ajili ya mali mia nne kumi na saba na mia nne kumi na nane. Sikudhani mwenyewe aliandikwa chini yake: *mzigo unaoambatana*.

Jumatatu mizani ikafunguliwa. Sikudhani alisogea na kiti mpaka mkono wa mizani ukawa usawa wa macho yake, akalisogeza jiwe la kupimia kwa kidole kimoja, akangoja mkono utulie.

"Sabini na nane na nusu!" akatangaza.

Mwenye gunia, mzee mmoja mkavu, akaomba lipimwe tena. Likapimwa: sabini na nane na nusu. Mzee akavua kofia. "Gunia langu halijawahi kuvuka sabini," akawaambia waliomfuata. "Kumbe miaka yote tulikuwa tunalima pamoja na kidole cha Kandidi."

Foleni ikacheka yote, Kandidi naye, aliyekuwa amesimama pembeni na viatu vipya, akingoja kuona kama ataitwa.

Saa kumi jioni, Tulinagwe akafika akitweta. "Jamani, kazi nzuri, lakini chombo cha serikali hakilali nje ya yadi. Mwisho wa wiki yadi ilikuwa imefungwa, lakini leo saa kumi na moja kiwe ndani."

"Na asubuhi?" akauliza Katibu Ndimbo.

"Yadi inafunguliwa saa tatu."

"Sisi tunaanza kupima saa kumi na mbili. Magari ya mnunuzi yanaondoka saa tatu hiyo hiyo." Ndimbo akajikuna kidevu, akakwepa macho ya Sikudhani. "Mwanangu, mimi nakutaka wewe. Lakini gunia haliwezi kungoja ufunguo. Kesho alfajiri usipokuwepo, nitamwita yule."

Kandidi akakohoa kwa unyenyekevu.

Sikudhani akamtazama Hamduni, aliyekuwa amekuja kuona mizani ikifunguliwa. Wote wakamtazama Hamduni. Yeye alikuwa anasoma kijitabu.

"Kipo kifungu," akasema baada ya muda mrefu. "Chombo kinaweza kulala mahali ambapo pamepimwa na kukubaliwa kuwa yadi ndogo."

"Basi pima kwangu!" akasema Sikudhani.

Wakaenda kwake wote wanne, Ndimbo akitaka kuona mwenyewe. Hamduni akatoa futi na fomu ya yadi ndogo. Ukuta wa mbele, wa udongo: urefu umetosha. Ukuta wa kulia: umetosha kwa shida. Ukuta wa nyuma: akaupima mara mbili, akaandika. Kisha akageukia upande wa kushoto, akasimama.

Upande wa kushoto haukuwa na ukuta. Palikuwa na ua wa minyaa, na katikati ya minyaa tundu ambalo kuku wa jirani walipitia kwa haki ya siku nyingi.

Tulinagwe naye aliona. "Fomu inataka kuta nne, Hamduni."

"Najua."

"Ukiandika hiyo minyaa, ni 'hapafai'. Na nikipokea 'hapafai' ninaondoka na kiti sasa hivi."

"Najua, dada."

Shangazi Bahani alikuwa ameacha ungo. Sikudhani alikuwa ameshika magurudumu ya kiti, si kwa nguvu, ila kama mtu anavyomshika mgeni anayesema anaondoka.

Hamduni akasoma tena. Katika miaka yake yote, ya magari na ya maungo, hakuwahi kuacha fomu nusu. Aliwahi kubaki porini siku mbili akimalizia vipimo vya lori. Akarudia mstari mmoja kwa kidole, midomo ikienda taratibu, kisha akausoma kwa sauti ili kila mtu ausikie:

"'Endapo upimaji umeanza na haujakamilika, chombo kitabaki mahali hapo, na kuendelea na kazi yake, mpaka upimaji ukamilike.'"

"Umepima kuta ngapi?" akauliza Tulinagwe.

"Tatu."

"Na ya nne?"

Hamduni akaukunja ule utepe wa futi, pindi kwa pindi, akautia mfukoni. Akaandika chini ya fomu neno moja: *inaendelea*.

"Ya nne siioni vizuri," akasema. "Giza limeingia. Nitakuja kesho jioni."

Tulinagwe akainua uso. Jua lilikuwa kiasi cha dhiraa moja juu ya mikorosho, linawaka, na kuku wa jirani walikuwa wanapita kwenye tundu wakirudi kwao, kila unyoya ukionekana.

Akalitazama lile jua kwa muda, mkono juu ya nyusi.

"Kweli," akasema. "Giza nene. Tena nadhani na kesho litawahi."